Kwa nini bakteria huhesabiwa kwa logi?

SWALI: Nasoma mikrobiolojia mwaka wa kwanza. Maabara tulipima E. coli: seli 5,000 kwa mililita, na baada ya saa 3 seli 1,280,000. Nikatoa, nikagawanya kwa 3, nikapata ongezeko la 425,000 kwa saa. Mwalimu amenikosesha na kuandika “tumia logi”. Kosa langu liko wapi?

JIBU: Kutoa na kugawanya umefanya sawasawa, ila bakteria hawakui kwa kujumlisha. Kila seli hugawanyika ikawa mbili, hizo mbili zikawa nne, kwa hiyo idadi huzidishwa kwa 2 kila baada ya muda fulani. Tazama namba zako zenyewe: kwa mwendo huo, saa ya kwanza ziliongezeka seli kama 26,700 tu, na saa ya tatu zaidi ya 1,000,000. Hakuna saa hata moja iliyoongeza 425,000.

Uliza badala yake: zimeongezeka maradufu mara ngapi? Gawanya 1,280,000 kwa 5,000, unapata 256. Logi ya namba ni kipeo cha 10 kinachotoa namba hiyo: logi ya 256 ni 2.408, na logi ya 2 ni 0.301. Gawanya 2.408 kwa 0.301: mara 8. Dakika 180 ukizigawanya kwa 8 ni dakika 22.5 kwa kila maradufu moja, na hilo ndilo jibu alilolitaka mwalimu wako. Linaingia akilini pia, maana E. coli kwenye chakula kizuri na joto la nyuzi 37 huchukua kama dakika 20.

Ishike hiyo 0.301, utakutana nayo tena kwenye fiziolojia. pH ni kipimo cha asidi kinachotumia logi; pH ya damu ikishuka kutoka 7.4 hadi 7.1 inaonekana kitu kidogo, kumbe ukolezi wa ioni za hidrojeni umeongezeka maradufu. Mwanafunzi asiyeijua logi atamwona mgonjwa huyo yuko karibu sawa, na hilo hunitia wasiwasi kweli.

Tahadhari moja. Hesabu hii ni ya kipindi cha ukuaji wa kasi pekee. Mwanzoni seli huwa bado zinazoea mazingira, na mwishoni chakula hupungua na taka hujaa. Ukiiachia fomula iendelee saa 24 kwa dakika 20, seli moja itakupa maelfu ya tani za bakteria! Kwa hiyo pima kila nusu saa, chora logi ya idadi dhidi ya muda, kisha tumia vipimo vilivyolala kwenye mstari ulionyooka tu.