Ripoti inasomwa kuanzia nyuma

Mwanangu,

Meseji yako nimeirudia mara tatu. Unauliza hiyo ripoti ya mchambuzi huru iliyoipa ile kampuni ndogo alama ya "nunua" ni ya kuaminika au la, na bei lengwa aliyoiweka, yaani bei anayotabiri hisa itafika, inafikika. Ya bei tuiache kwanza. Mimi nataka kujua, ukurasa wa mwisho umesoma? Manake ripoti inasomwa kuanzia nyuma, nimelisema hili mpaka dada yako huwa ananimalizia.

Unakumbuka mwaka ule tulioahirisha kuhama tukawaambia nyumba haijaisha? Nyumba ilishaisha zamani. Hela ndo ilikuwa imekwama kwenye hisa, na baba yako akakubali tuseme hivyo ili nisiaibike mbele yenu.

Ripoti iliyonifanya ninunue ilikuwa ya kurasa kumi na mbili, juu kabisa NUNUA, chini yake grafu, mauzo yanapanda, faida inapanda. Nikaishia hapo. Ukurasa wa mwisho, kwa herufi kama sisimizi, imeandikwa kampuni yenyewe ndo imelipia ripoti. Na ukurasa wa kumi na moja kuna jedwali la mtiririko wa fedha, yaani pesa iliyoingia na kutoka kweli, faida ipo lakini pesa taslimu ya biashara ni hasi miaka miwili mfululizo, yaani wanauza kwa mkopo na madeni ya wateja yanakua haraka kuliko mauzo. Yule mchambuzi hakudanganya hata namba moja, na ndo kinachoniuma hadi leo.

Halafu njoo kwenye kuuza sasa. Kwenye skrini bei ni ile ile ya jana, kumbe mnunuzi pekee aliyepo anataka kwa robo tatu yake, tena hisa chache. Wiki tano nauza kidogo kidogo, na kila nikiuza bei inashuka, najishushia mwenyewe.

Ila nisimwonee mtu. Anayelipwa na kampuni si lazima awe muongo, kampuni ndogo isipolipia nani ataichambua? Madalali wakubwa wanaishi kwa komisheni, hisa isiyo na wanunuzi haiwalishi. Na hao wakubwa nao, mwaka 2003 kule Marekani makampuni kumi ya Wall Street yalikubali kulipa kama dola bilioni 1.4 kwa sababu ya wachambuzi waliokuwa wanasifia hisa za wateja wa benki zao. Kwa hiyo mkono wa mtu upo kila upande, cha muhimu uambiwe ni wa nani. Sheria ya Marekani ya 1933 inamtaka anayelipwa kuisifia hisa aseme kalipwa, na kalipwa kiasi gani. Huyo wako kasema? Kapewa pesa au kapewa hisa? Akipewa hisa, siku unanunua wewe yeye anaweza kuwa anauza. Pitia na ripoti zake za nyuma, kama kampuni zote ni "nunua" na "uza" hakuna hata moja, hiyo alama ina uzito gani?

Nilijiapiza sitakwambia nunua wala acha, hela ni yako. Ulimi unaniwasha kweli, lakini sisemi. Wewe nipigie picha ukurasa wa mwisho na ule wa mtiririko wa fedha unitumie leo, halafu muulize broka jana zimeuzwa hisa ngapi. Usimuulize bei, muulize ngapi.

Mama