Alisema Alipinga, Listi Inasema Alipiga Ndio

Barua za wiki hii karibu zote ni za wabunge. Sishangai, 2027 inanukia na waheshimiwa wameanza kuonekana matangani tena wakiwa na bahasha na maiki. Nimechukua nne, ya kwanza itakula nafasi kubwa manake hapo ndo kuna maneno.

*Salaam dada mhariri. Mimi ni mtu wa boda huku Pwani. Jumamosi tulikua na mazishi ya mzee wetu mmoja, mheshimiwa akaja na magari matatu, akapewa maiki akaanza kusema eti yeye ndiye alipigania mwananchi kwa ule mswada wa fedha wa 2024, alisimama bungeni akaongea mpaka sauti ikakauka. Kijana mmoja wa steji yetu akapaza sauti "mbona ulipiga ndio!" Weee, vijana wa mheshimiwa wakamzunguka, ikabidi wazee waingilie kati na maiti bado iko nje. Mimi nina skrinishoti ya majina tangu wakati ule lakini naambiwa ni feki. Sasa nani mkweli? — Boda, Pwani*

Kwanza poleni kwa msiba. Pili, ndugu yangu, inawezekana wote wawili ni wakweli na hapo ndo wanasiasa wanatushindia, kwa sababu kuongea bungeni ni kitu kimoja na kupiga kura ni kitu kingine kabisa, mtu anaweza kusimama akalia juu ya bei ya unga dakika kumi kamera zote zikiwa kwake, halafu kura ikiitwa akapiga Ndio na kwenda zake kunywa chai. Sasa kabla hujarudi kumkabili, jua unauliza kura gani, manake watu wengi wanadhani ilikua moja.

Zilikua mbili. Ya kwanza ni tarehe 20 Juni 2024, ule mswada wa kodi mpya ukisomwa mara ya pili: 204 wakasema ndio, 115 wakapinga. Ya pili ni ile ya 25 Juni, siku ambayo hakuna Mkenya atasahau alikua wapi, mswada ukisomwa mara ya tatu: 195 ndio, 106 la, na kura 3 zikaharibika. Baada ya hapo ndo vijana wakaingia bungeni, risasi zikalia, watu wakafa. Kesho yake rais akasema hasaini.

Sasa angalia hiyo hesabu vizuri, mimi niliikalia jioni nzima na biro. Upande wa ndio ulipungua kura 9 kutoka kura ya kwanza hadi ya pili, na upande wa la nao ukapungua 9 vilevile. Kwa hiyo ile hadithi kwamba wabunge waliona moto mtaani wakageuka kwa wingi, hesabu haioni mgeuko wowote mkubwa. Kura zilipungua kotekote na mswada ukapita raha mustarehe.

Skrinishoti nyingi zilizozunguka wakati ule wa kuwasalimia wabunge (mnakumbuka namba za simu zilivyomwagwa, waheshimiwa wakazima simu wiki nzima) hazikua zimeandikwa ni kura ya siku gani. Ndo maana yako wanaweza kukwambia ni feki na huna la kujibu. Dawa yake ni Hansard, ile taarifa rasmi ya kila neno linalosemwa bungeni, inawekwa kwenye tovuti ya bunge na unaipakua bure. Tafuta ya tarehe 20 na ya tarehe 25, usisome yote utalala, shuka mpaka matokeo ya kura. Utakuta majina ya waliopiga ndio yamepangwa peke yao, na waliopinga peke yao. Nenda saiba uprinti kurasa hizo tu, zikunje uweke kwenye mfuko wa rifleketa yako.

Ukishapata jina lake kwenye ndio ya tarehe 20, jitayarishe kwa majibu mawili ambayo nimeshayasikia mpaka nimeyachoka. La kwanza ni "nilipiga ndio ili mswada uingie kamati tuurekebishe." Hili si uongo wa moja kwa moja, nakubali, kusoma mara ya pili ni kukubali mswada kwa ujumla halafu bunge zima linakaa kama kamati na kupitia kifungu kwa kifungu, hapo ndo marekebisho yanaletwa. Lakini mbunge anayeleta rekebisho hulileta kwa jina lake, linaandikwa. Kwa hiyo muulize kwa upole kabisa: mheshimiwa, rekebisho lako lilikua la kifungu gani? Na baada ya kamati, tarehe 25 ulipiga nini? Kama hakuleta rekebisho lolote na tarehe 25 pia yuko kwenye ndio, basi hiyo kamati alienda kufanya nini.

La pili ni "sisi ndo tuliondoa ushuru wa mkate." Hapa nacheka kila mara. VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 kwa mkate na ile kodi ya magari ya asilimia 2.5 zilitangazwa kuondolewa tarehe 18 Juni, Ikulu, mwenyekiti wa kamati ya fedha Kuria Kimani akizungumza mbele ya rais na wabunge wa serikali wamejaa pale. Siku hiyohiyo vijana walikua barabarani Nairobi wanakimbizana na polisi. Yaani mkate uliokolewa siku mbili kabla kura yoyote haijapigwa, na kama kuna mtu wa kushukuriwa basi ni wale waliovuta gesi ya machozi.

Lakini nisiwe mkali bure. Wako wabunge waliopiga ndio halafu wakarudi kwa watu wao wakasema tulikosea, tusameheni. Mimi huyo namheshimu kuliko wa kwenu, manake amekubali rekodi yake ni ile iliyoandikwa. Wa kwenu anataka kuifuta akiwa na maiki kwenye msiba wa watu. Usitafute ugomvi lakini, na tena si matangani. Ngoja baraza, simama, toa karatasi, soma tarehe na jina lake basi. Na huyo kijana wa steji mpe salamu zangu.

*Dada, mbunge wetu hayuko kwa ndio wala hayuko kwa la. Watu wake wanasema kutopiga kura ni sawa na kupinga. Ni kweli? — Mama wa mboga, Mombasa*

Kwa mswada wa fedha si kweli hata kidogo mama. Katiba kifungu cha 122 inasema jambo linaamuliwa na wengi wa waliokuwepo na waliopiga kura. Asiyekuwepo hahesabiwi popote, ni sifuri, kama kiti kitupu cha matatu.

Viti vya bunge la taifa ni 349 ukimtoa spika. Jumlisha kura za tarehe 25 Juni, zikiwemo zile tatu zilizoharibika, unapata 304. Kama viti 45 havikusikika. Tuwe waadilifu, kuna kiti kilikua wazi kabisa, Banissa, mbunge wao alifariki 2023. Na mwezi ule Idi ya kuchinja ilikua tarehe 17, kwa hiyo kuna mahujaji wangekua bado njiani kurudi. Kuna wagonjwa pia, binadamu huugua. Sasa wewe muulize wa kwenu alikua wapi, akikwambia Makka mwombe pasipoti (natania mama, usimwombe).

Lakini kuna kura ambazo kukaa nje ni kupinga kweli, na hapa ndo watu wake wanachanganya makusudi. Kumwondoa rais au naibu wake, au kubadili katiba, kunahitaji theluthi mbili ya wabunge wote, si ya waliokuja tu. Theluthi mbili ya 349 ni 233. Tarehe 8 Oktoba 2024, kura ya kumwondoa Gachagua, aliyekua naibu wa rais, walipiga ndio 281, la 44, mmoja akajizuia. Siku hiyo aliyebaki nyumbani alikua anapunguza zile 233 zinazotafutwa, kwa hiyo kutokuja kwake kulisaidia upande wa Gachagua, hata kama yeye mwenyewe hataki kusema. Mswada wa fedha hauna mahesabu hayo. Ukikaa nje umewaachia waliokuja.

Nyongeza kidogo: mbunge akikosa vikao nane katika msimu mmoja wa bunge bila ruhusa ya maandishi ya spika na bila sababu inayoridhisha kamati husika, katiba inasema anapoteza kiti, kifungu cha 103. Ruhusa lakini huwa hazikosekani.

*Habari mhariri, mimi nasoma gazeti lenu nikiwa Dar. Nimejaribu kutafuta mbunge wangu alipigaje kura kwenye miswada, sioni majina, naona tu "waliosema ndiyo wameshinda". Nyie Kenya mnapataje? — Msomaji, Temeke*

Hata sisi miswada mingi inapita kwa sauti, usidhani tuna muujiza. Spika anauliza, watu wanaitikia, anasema upande gani umeshinda kwa masikio yake, na hapo hakuna jina hata moja linaloandikwa. Kwa miswada ya kawaida majina yanatoka pale tu wabunge wa kutosha wakisimama kudai kura ihesabiwe, na ndo maana kwa mambo magumu kiranja wa chama hapendi watu wasimame.

Kwenu kuna siku moja nzuri ya kuotea, nayo ni ya bajeti kuu ya serikali mwezi Juni. Hapo wabunge wanaitwa jina moja moja na kila mmoja anajibu mwenyewe, ndiyo au hapana, na Hansard ya siku hiyo inayo. Usitegemee vituko vingi, bunge likikataa bajeti katiba yenu inampa rais nafasi ya kulivunja, na hakuna mbunge anayetaka kurudi kuomba kura kabla ya wakati. Kwa miswada mingine soma alichochangia. Kama alisema "naunga mkono hoja" baada ya kulalamika kurasa mbili, hesabu malalamiko kama mapambo.

*Tunaweza kumtoa mbunge kabla ya uchaguzi? Tuko tayari kukusanya sahihi hata kesho. — Vijana watano, Kilifi*

Katiba kifungu cha 104 inawapa haki hiyo waziwazi. Ila ikasema bunge litunge sheria ya namna ya kufanya, na sheria waliyotunga waliijaza vizingiti mpaka mahakama kuu ikafuta vipengele vyake kadhaa mwaka 2017. Vipengele vipya vya kuziba pengo ndo havijawahi kutoka mikononi mwa wabunge, na mnajua ni nani anatakiwa kuvitunga. Kwa hiyo sahihi mtakusanya na mtachoka na zitakaa kwenye droo.

Mnachoweza kufanya bila kusubiri mtu ni malalamiko rasmi kwa bunge, kifungu cha 119, mtu yeyote anaweza kupeleka. Na siku za maoni ya umma mswada unapoletwa, msiende kupiga selfi, andikeni kwa karatasi kifungu mnachokataa na sababu, mchukue nakala iliyopigwa muhuri. Hizo nguvu za kukusanya sahihi zihifadhini. Uchaguzi ni Jumanne ya pili ya Agosti, tarehe 10, 2027, na zile kurasa za Hansard hazitakua zimebadilika.