Bastola nafuu na hewa ya chumvi

SWALI: Mhariri, leseni ya silaha ninayo, naishi Malindi ufuoni. Muuzaji aliyeidhinishwa ana bastola mbili, Taurus G3C mpya na CZ 75 iliyotumika, bei zakaribiana. Nichukue ipi? – Msomaji

JIBU: Ndugu, CZ 75 ni ya chuma, karibu kilo 1. Uzito huo huituliza mkononi inapofyatuliwa, ila kuibeba kutwa kwa joto la Malindi ni adhabu. G3C fremu yake ni ya plastiki ngumu, nyepesi, na magazini hubeba risasi 12 za milimita 9. Kwa kubeba kila siku, hiyo.

Ukiipenda CZ, mwombe muuzaji aitoe magazini, ahakikishe chemba (pale risasi hukaa tayari kufyatuliwa) ni tupu, kisha afungue vibao vya mpini. Kutu ya pwani hujificha humo. Mulika ndani ya mtutu: vishimo vikiwapo, iache. Kagua midomo ya magazini pia, yaani kingo za juu zinazoshika risasi, kwani ikipinda, risasi hukwama, na watu huilaumu bastola bure.

Yoyote utakayochukua, usiilaze ndani ya ala ya ngozi; ngozi hushika jasho na chumvi. Ipanguse kwa mafuta membamba ya bunduki. Yakizidi, hukamata mchanga.