Sebule Yetu Imesifiwa au Imesimangwa?

SWALI: Mimi ni mhudumu katika nyumba ya wageni huko Shela, Lamu. Mgeni mmoja ameandika katika kitabu cha wageni kwamba sebule yetu ni "eclectic". Mwenzangu anadai tumesifiwa, ilhali bosi anashuku kwamba tumesimangwa kwa kuchanganya vitu ovyo. Tafadhali tufafanulieni maana ya neno hilo na lilikotoka.

JIBU: Mwambie bosi wako atulie, kwani kwa kawaida neno hilo ni la sifa. Kivumishi hiki hueleza kitu kilichokusanywa kutoka mitindo au asili nyingi, lakini kiini chake si wingi bali ni uteuzi: pana mtu aliyepembua, akaacha hiki na kuchukua kile.

Limetokana na kitenzi cha Kigiriki eklegein, yaani kuchagua kitu miongoni mwa vingine. Diogenes Laertius, aliyeandika habari za wanafalsafa wa kale, anamtaja Potamo wa Alexandria kuwa alianzisha madhehebu ya namna hiyo, akiteua katika mafundisho ya kila madhehebu yale yaliyompendeza badala ya kumfuata mwalimu mmoja. Waingereza walilipokea katika karne ya 17 likiwa bado la kifalsafa, na baadaye likahamia kwenye usanifu wa majengo, muziki na mapambo.

Huko kwenu mfano hauko mbali. Katika zidaka (vishubaka vya ukutani) za nyumba kongwe za Lamu utaona sahani za kaure za Kichina, pembeni birika la shaba la Kiarabu, na chumbani samadari, yaani kitanda cha fahari, iliyotoka Bara Hindi; na mwenye nyumba anajua kila sahani ikae kidaka gani, hata mgeni akiisogeza kidogo atairudisha. Hiyo ndiyo maana kamili ya neno hilo.

Wapo, ni kweli, wanaolitumia kwa adabu tu wanapokosa la kusema. Lakini mgeni wenu angetaka kuwasimanga, angepata motley, yaani mchanganyiko wa ovyo, neno ambalo zama za kati lilikuwa jina la kitambaa cha rangi mchanganyiko, kisha likahusishwa na mavazi ya chale wa wafalme.

Mwisho, msilichanganye na electric. Ingawa yanakaribiana kwa sauti, hayana udugu: hilo la umeme limetokana na jina la Kigiriki la kaharabu (utomvu wa miti ya kale ulioganda), ile ile inayotengenezewa tasbihi, ambayo ikisuguliwa huvuta vitu vyepesi.