Siku 4 Boundary Waters: mzigo na uvuvi

Ndugu, umeuliza mbebe nini watu wawili kwa siku 4 za mtumbwi Boundary Waters, eneo la pori na maziwa kule Minnesota, Marekani. Anza na uzito. Njia za kubebea mtumbwi kati ya ziwa na ziwa hupimwa kwa rodi. Rodi 1 ni kama mita 5, kwa hiyo rodi 100 ni nusu kilomita ya mawe na matope. Mzigo usipobebeka kwa mkupuo mmoja, njia hiyo mtaipita mara 3. Kodi mtumbwi wa Kevlar (nyuzi nyepesi na imara), kilo 20 hivi. Wa alumini huzidi 30. Makopo na chupa za kioo za vinywaji na chakula ni marufuku, hamishia chakula kwenye mifuko.

Mabegi mazito yalale chini katikati, nyuma pazidi kidogo. Pua ikilemewa, mtumbwi haushiki njia. Vukeni maziwa mapana alfajiri, kabla upepo haujaamka.

Samaki aitwaye walleye mtafute machweo, kina cha mita 3 hadi 5, kwa ruba hai kwenye ndoana yenye risasi ya gramu 3.5. Mshipi ukikatika ghafla, huyo ni samaki pike na meno yake: ongeza kipande cha waya. Leseni ya uvuvi ya jimbo ni lazima, mbali na kibali cha kuingia.