Mtoto anaimba kitabu, ila hasomi: tunachofanya darasa la kwanza kila siku

Mleta mada anasema mwanawe wa darasa la kwanza anamaliza ukurasa bila kukwama, ila akikutana na neno lilelile kwenye mfuko wa unga hana habari nalo. Anauliza shuleni wanafundishwa nini. Mimi nafundisha darasa hilohilo, Tanzania Bara, nijibu kwa ninachokifanya.

Tangu mtaala wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) wa 2015 tunaanza na sauti ya herufi, si jina lake. Mtoto aliyekaririshwa "be", mwambie aunganishe na a, atakupa "bea". Aliyezoea sauti anafika "ba" mwenyewe.

Kipindi ni dakika 30. Kwanza kadi za sauti za jana, upesi upesi. Kisha sauti mpya, tuseme m: natamka mimi, tunatamka wote, halafu mmoja mmoja. Wanataja meza, moto, maji. Irabu wanazijua tayari, kwa hiyo tunaunganisha ma, me, mi, mo, mu, na papo hapo wanasoma mama, mimi, mume. Kiswahili kinatubeba sana hapa, maana kinaandikwa kinavyotamkwa. Mwisho wanaandika hewani kwa kidole, ndipo daftari. Mb, nd na ng' zina wakati wake, wazazi msizikimbilie.

Kazi yenyewe iko kwenye ule "mmoja mmoja". Darasa likijaa, sauti ya pamoja inadanganya: watatu wanaoweza wanaongoza, wengine wanafuata kwa sikio huku macho yako dirishani. Kwa hiyo navuruga mpangilio. Naonyesha mu kabla ya ma, au naanzia neno la mwisho la sentensi. Aliyekariri anakwama palepale. Hao nawaita mbele, wenzao wakisomeana wawili wawili, na kesho yake nawasikiliza tena kabla sijagusa sauti mpya. Mwalimu anayeruka hatua hii ili amalize silabasi anamwumiza mtoto, nalisema hili bila kuficha.

Nyumbani, mleta mada, funika picha na umwonyeshe neno la katikati ya mstari. Akikwama usimtajie, muulize silabi ya kwanza tu, umsubiri. Dakika kumi kila jioni zinatosha. Na hilo la mfuko wa unga kamweleze mwalimu wake wiki hii, amsikilize akiwa peke yake.