Mwanangu, kuhusu ile bei

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Sisi huku Tanga, Ngamiani, wazima. Paa la jikoni mjomba wako ameshaliziba, usihofu tena. Ile sauti uliyonirekodia Jumapili nimeisikiliza mara tatu. Nilitaka kukujibu kwa sauti vilevile, lakini najijua, nikirekodi nasahau nilikoanzia. Nimeona nikae na kalamu. Barua naitia ndani ya mzigo, utaikuta kwenye furushi la juu.

Umeniuliza: "Mama, picha za khanga niziandikie bei, au niache 'bei njoo DM' kama wanavyofanya wenzangu?" Ukanipa na sababu zako. Wauzaji wa Kariakoo wakiiona bei yako, kesho wanaweka picha ileile kwa pungufu ya elfu moja. Mawinga, hao madalali wanaokuuzia, wanataka bei ifichwe ili waweke cha juu chao. Na watu wakijazana chini ya picha kuuliza "bei?", "bei?", Instagram inaisukuma picha mbele kwa wengine. Nimezielewa zote, na hakuna ya kipuuzi hata moja.

Umesema pia kwamba kuficha bei si jambo jipya, eti hata sokoni kwetu bei haiandikwi. Hapo nimekwama. Sokoni bei haijaandikwa, lakini haijafichwa. Simama mbele ya meza ya nyanya pale Ngamiani, utamsikia aliyekutangulia anaambiwa fungu shilingi ngapi, utamsikia akiomba apunguziwe, utaona amepunguziwa kiasi gani. Zamu yako ikifika, unajua pa kuanzia. Muuzaji naye anajua kwamba unajua. Watu wanapatana bei hadharani, na masikio ya jirani ndiyo mzani. DM haina jirani. DM ni chumba, mlango umefungwa, mko wawili. Na mimi biashara ya chumbani nimeifanya miaka, ndiyo maana swali lako limeninyima usingizi.

Hii habari hujawahi kuisikia yote. Baba yako, Mungu amrehemu, aliijua. Bibi yako aliijua nusu.

Ilikuwa 1996, mwaka ilipozama meli ya MV Bukoba, wewe ndiyo kwanza unasimama dede. Sikuwa na meza sokoni. Nilikuwa na lile furushi unalolijua, shuka ya bluu iliyofungwa ncha nne, natembeza nyumba kwa nyumba: Makorora, Chumbageni, na siku nikiwa na nguvu mpaka Raskazone. Mzigo mwingine niliufuata Mombasa nikivuka Horohoro, khanga za Mali ya Abdulla, na mwingine ni wa Urafiki, uliletwa kutoka Dar.

Kutembeza kulikuwa hivi. Unabisha hodi, unakaribishwa mkekani, unafungua furushi. Mwenye nyumba anaishika khanga, anaifikicha kidoleni aone kama ni nguo au ni wanga mtupu, anasoma jina, anatazama pindo, halafu anauliza bei. Na mimi kabla sijafungua mdomo, macho yangu yalikuwa yameshajibu. Yalikuwa yameona kama sakafu ni ya saruji au ya udongo. Yameona kama kuna friji, kama mume anafanya kazi bandarini au yuko shambani. Bei niliyoitaja ilitoka kwenye sakafu, haikutoka kwenye khanga. Kila nyumba na bei yake, na hakuna aliyejua ya mwenzake. Nilidhani huo ndio ujuzi wa biashara. Wakubwa walionifundisha kazi walinifundisha hivyo.

Ikaja harusi ya Barabara ya Kumi na Mbili. Upande wa bwana harusi wakachagua sare, jina lake "Wema hauozi". Doti 18 niliuza mimi, nyumba baada ya nyumba, ndani ya wiki mbili. Dada wa bwana harusi, yule mama wa Chumbageni, nilimuuzia sh. 3,000. Wifi yake wa Makorora nilimuuzia sh. 2,500. Na wengine katikati humo, kadiri macho yalivyoona.

Siku ya harusi nilialikwa, na nilikuwa nabeba sinia la pilau kupeleka uani. Wamekaa wote mikekani, khanga moja, jina moja. Wifi mtu akasema kwa furaha, wala hakuwa na ubaya: "Sare yetu imetupendeza, na bei yenyewe mbili na nusu tu." Mwenzake akamgeukia: "Mbili na nusu? Mimi kanipa kwa tatu." Mwingine akasema mbili na mia saba. Mwingine mbili na mia nane. Ikawa kama watoto wa darasani wanahesabu namba kwa zamu, na mimi nimesimama na sinia, siwezi kulitua, siwezi kurudi nalo jikoni.

Hakuna aliyenitukana. Yule mama wa Chumbageni alijifunga khanga yake vizuri, akanitazama, akasema taratibu: "Kumbe bei yangu ilikuwa ya friji." Mwanangu, alikuwa ameniona nikilitazama. Siku ileile nyumbani kwake aliniona, akanyamaza.

Kesho yake nilimpelekea mia tano yake. Akapokea, akanipa chai, tukazungumza habari za harusi. Jioni akamtuma mtoto kunirudishia ile ile noti. Tangu siku hiyo hakununua kwangu tena, ila salamu yake hakuninyima. Baba yako alipofariki alikuja matangani, akakaa na sisi siku zote tatu, amejitanda "Wema hauozi" ile ile, imeshafifia, pindo halionekani. Nilishindwa kumtazama. Msiba wangu wa siku ile ulikuwa miwili.

Ndipo nilipojifunza ninalokuambia kila siku, na najua umeshalichoka: bei haimuumi mtu, kinachomuuma ni bei ya mwenzake. Yule mama elfu tatu alikuwa nayo, na angeilipa hata leo. Kilichomchoma ni kwamba nilimpima.

Sasa nyinyi uani kwenu ni kwenye simu. Mteja mmoja wa Tabata na mwingine wa Mbagala wako kundi moja la WhatsApp, la kitchen party au la kuchangiana. Mmoja anatuma skrinishoti ya DM yako, mwenzake anatuma ya kwake. Sitaki kusema kwamba unawapima wateja wako. Najua umelelewa. Lakini hata usipopima, wiki iliyopita uliuza elfu kumi na tano, wiki hii mzigo umepanda unauza kumi na saba, wao wataona skrinishoti mbili tu, hawataona gharama zako.

Na kuna jambo la hofu. Watu wamechoka kuibiwa. Kila mwenye simu nchi hii ameshapokea ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Jirani yetu wa huku nyuma alichagua mashuka kwenye ukurasa mmoja, akaambiwa njoo DM, akatajiwa bei, akatuma pesa yote. Akaambiwa mzigo uko kwenye basi. Alikwenda stendi siku mbili. Ya tatu akakuta amezuiwa, hata picha hazioni tena. Sasa huyo ukimwambia bei njoo DM, yeye anasikia ingia gizani. Aliniuliza juzi mbele ya watu: "Na mwanao naye anauza hivyohivyo?" Nilimjibu mwanangu ni mkweli, lakini nilijibu kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Halafu ukumbuke na ile Jumatatu ya tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilipozimika dunia nzima kwa muda wa kama saa sita. Ulinipigia simu ya kawaida usiku, unalia. Wateja wa khanga za Maulidi walikuwa wameshakubaliana nawe bei, na makubaliano yote yako ndani ya DM, namba zao huna. Picha ulikuwa nazo kwenye simu. Bei hazikuwepo popote ila humo.

Ukisoma mpaka hapa utasema Mama ameshahukumu. Bado. Maana nimebishana na nafsi yangu wiki nzima, na kuna mtu mmoja ambaye kila nikifika mwisho ananirudisha nyuma.

Yule mjane wa Mikanjuni, aliyekuwa anakusukia ukili wa kuchezea. Yeye nilimpa doti moja kwa sh. 1,800, tena kwa mafungu, mia mbili mbili. Nilimpa chumbani, wawili tu. Kama bei ingekuwa imeandikwa 2,500, asingeuliza. Angeishika khanga, angeisoma jina, angesema "nzuri, hongera", na kuirudisha. Ninamjua. Kilichomwezesha kujisitiri siku ya Idi ni kilekile chumba ninachokisema vibaya. Sasa je, ile haikuwa bei ya kupima? Nayo niliitoa kwenye sakafu.

Nimejaribu kusema kwamba kushusha ni sadaka na kupandisha ni dhuluma, basi yakaisha. Hayaishi. Maana yule aliyelipa mbili na nusu hakujua kwamba kuna aliyepewa kwa 1,800. Angejua, angeumia? Nadhani angesema Mungu akulipe, kwa sababu sote tulimjua mjane na hali yake. Lakini mjane mwenyewe angejua kwamba tunajua, na hapo khanga ingemwasha mwilini. Bei ya wazi ina heshima yake, na siri nayo ina huruma yake. Sikuwahi kupata njia ya kuvibeba vyote viwili bila kimoja kudondoka. Niliyoifikia, unaikumbuka: nikaandika bei ya kila doti kwenye kikaratasi, nikakibana kwa pini kwenye pindo, na mwenye shida nikamwacha aniite pembeni. Wengine hawakuniita. Nafikiri mpaka leo kuna khanga sikuziuza kwa watu waliozihitaji, kwa sababu ya vile vikaratasi.

Na biashara yangu ilipungua mwaka wa kwanza, nikuambie ukweli. Wenzangu waliokuwa wanatembeza walipita nyuma yangu, wakisikia nimeandika 2,500 wao wanasema 2,400. Hilo unalolihofia Kariakoo nimelionja. Walionirudia walirudi baada ya muda, wakaniambia za wenzangu zilichuja rangi, au kwamba walichoka kujiuliza kama wamepunjwa. Lakini mimi nilikuwa na nyumba kama 40, na chumba cha urithi, na baba yako na mshahara wake wa reli. Wewe una kodi ya fremu, na bodaboda, na wafuasi usiowajua sura. Ningekuwa na kodi yako mwaka ule, ningevumilia? Sijui kama ningebana hata pini moja.

Kuhusu mawinga, sikiliza. Hao wanakula kwenye kufichwa kwa bei yako, na kwa desturi yao si vibaya, ndio wanavyoishi. Lakini mteja akipunjwa na winga kwa picha yako, jina analolikumbuka ni lililoandikwa kwenye picha. Bei haimuumi mtu, kinachomuuma ni bei ya mwenzake, na wenzake hao winga amewaongeza yeye, hukuwaongeza wewe. Kaa nao uwaulize wanaweka kiasi gani. Hilo tu ndilo ninalokuagiza.

Mengine ulimi wangu umefika mlangoni mara tatu nikiandika barua hii, nikaurudisha. Mwaka ule mtu angenikataza kabla ya ile harusi, ningemwona mshamba asiyejua biashara. Kaka yako anasema nikuambie tu, niache kuzunguka. Nimemjibu duka ni lako.

Mzigo unakuja na basi la asubuhi, Insha Allah, doti 40. Kumi ni za kisutu, usizianike juani ukizipiga picha, nyekundu yake hudanganya. Kwenye kila doti nimeandika bei niliyonunulia, ili ujue faida yako inaanzia wapi. Ya kuuzia nimeacha wazi. Vikaratasi nimekukatia vya ziada, vimo ndani ya bahasha, na pini ziko kwenye kopo la Blue Band, chini kabisa ya furushi.

Mama yako